Miaka mitano tangu hukumu ya Rufani kuhusu umri wa kuolewa: vifungu vya 13 na 17 viko hai au vimekufa?

#1 Mkoba wa Hukumu (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitupa rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi. Mwezi uliopita imetimia miaka mitano. Kilichothibitishwa siku ile ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Julai 2016, iliyosema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa sababu mvulana lazima afikishe miaka 18 ndipo aoe, lakini binti anaruhusiwa kuolewa na miaka 15 baba yake akiridhia. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha na kuweka 18 kwa wote wawili.

Mpaka leo naandika, Novemba 2024, Bunge halijapitisha marekebisho hayo.

Naomba tujibu swali moja tu la kisheria. Binti wa miaka 16 akiozeshwa kesho kwa ridhaa ya baba yake, ndoa hiyo ni halali au batili? Mimi nasema batili, na kila anayeendelea kufungisha ndoa za namna hiyo hana sheria nyuma yake. Anayepinga aje na kifungu.

#2 Fundi Redio
Sheria ambayo Bunge halijaifuta ni sheria. Mahakama haitungi sheria. Chukua Sura ya 29, yaani hiyo Sheria ya Ndoa, usome, vifungu vyote viwili vimo humo. Mada imefungwa.

#3 Wakili wa Kata
Fundi, usifunge mada mapema hivyo. Soma Ibara ya 30(5) ya Katiba. Mahakama Kuu ikiona sheria inavunja haki za msingi, badala ya kuitamka batili papo hapo inaweza kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Katika muda huo sheria inahesabika kuwa halali mpaka irekebishwe au mpaka muda uishe, na kinachotangulia ndicho kinachozingatiwa. Maana yake, muda ukiisha bila marekebisho, uhalali ule wa kuazimwa nao unaisha. Haihitajiki kura ya mbunge hata mmoja.

Kwa hiyo nipo na mleta mada. Mwaka uliisha, vifungu vilikufa.

#4 Nyota ya Ziwa
Swali dogo wakili. Mwaka uliisha lini? Mahakama Kuu ilitamka Julai 2016, kwa hiyo ni Julai 2017? Au unahesabu kuanzia Rufani, iwe Oktoba 2020? Kuna mabinti wengi walioolewa katikati ya tarehe hizo mbili. Wao mnawaweka fungu gani?

#5 Wakili wa Kata
Swali zuri. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, inasema Serikali ikiwasilisha kusudio la kukata rufaa, utekelezaji wa uamuzi unasimama mpaka rufaa iamuliwe. Kwa hiyo 2016 mpaka 2019 saa ilisimama. Mimi nahesabu Oktoba 2020.

#6 Karani Mstaafu
Hapo ndipo ninapotofautiana na wewe, kijana wangu. Amri ya Mahakama Kuu ilisema mwaka mmoja tangu tarehe ya amri ile. Rufani ilitupilia mbali rufaa, na rufaa ikitupwa hukumu ya chini inabaki ilivyo, na tarehe zake. Kusimamishwa kwa utekelezaji hakugeuzi tarehe iliyoandikwa kwenye amri. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi na nimeona mawakili wakubwa wakivutana juu ya jambo hilihili katika kesi za madai ya kawaida, na kila jaji ana usomaji wake.

Ila mkichukua hesabu yangu au ya Wakili, tunafika palepale. Leo ni 2024. Mwaka umekwisha.

#7 Fundi Redio
Mnajadili tarehe ya mazishi na maiti anatembea. Ndoa zinafungwa kila wiki, vyeti vinatoka, nani kakamatwa?

#8 Mkoba wa Hukumu
Fundi, hujaleta kifungu bado 😀 Nakusubiri.

#9 Dada Msaidizi
Mimi ni msaidizi wa kisheria mkoani Shinyanga, naomba niwape hali ya huku chini.

Kwanza mnaposema "cheti", ndoa nyingi za watoto hazina cheti. Mahari inalipwa, ng'ombe wanahama zizi, binti anahama nyumba, basi. Hakuna msajili anayeulizwa chochote. Kesi ikifika kwetu inafika kwa njia ya kipigo, au binti amekwama kwenye uzazi, au mwalimu ameuliza mwanafunzi yuko wapi.

Pili, kinachotuua ni umri wenyewe. Niliwahi kufuatilia shauri la binti ambaye mama alisema ana 15, baba akaja na barua inayosema ana 19, na cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kuwapo. Kadi ya kliniki ilikuwa imepotea. Shule aliyosoma ikatoa tarehe ya tatu. Upande wa mashtaka ukashindwa kuthibitisha umri na shauri likaisha hapo. Binti akarudi kwa mume akiwa na mtoto mgongoni. Sikulala siku ile.

Kwa hiyo hata Bunge likiweka 18 kesho asubuhi, bila vyeti vya kuzaliwa tutakuwa tunabishana na barua za akina baba.

#10 Nyota ya Ziwa
Pole dada. Na kazi nzuri. Kwa takwimu za utafiti wa afya wa 2010, Shinyanga ilikuwa 59% ya wanawake waliokuwa na miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya 18, Tabora 58%, Mara 55%. Kitaifa imeshuka kidogo tangu wakati ule lakini bado tupo karibu na watatu kati ya kumi.

#11 Maalim Kisiwani
Assalaam alaykum. Naomba tusikilizane bila kutukanana, maana nyuzi za namna hii huishia pabaya.

Wengi mnazungumza kana kwamba wanaotaka sheria ibaki wote wanapenda mtoto aolewe. Siyo hivyo. Mimi binti zangu wote wamesoma na wameolewa wakubwa. Hoja yangu ni kwamba ndoa katika Uislamu ina masharti yake, baleghe na walii (msimamizi wa binti), na Sheria ya 1971 ilikuwa maridhiano. Kabla yake watu walikuwa na sheria za dini na za mila kila mmoja upande wake, na Serikali ikakaa na makundi yote kwa waraka wa 1969 wakapatana. Leo maridhiano ya jamii nzima yanavunjwa na majaji watatu au wanne bila makundi yale kuitwa. Nadhani Serikali inachelewa kwa sababu inajua hilo, na mimi siioni kuwa na kosa kukusanya maoni.

Halafu mjue Sheria hiyo ya 1971 haifiki Zanzibar. Kwetu ni habari nyingine kabisa.

#12 Wakili wa Kata
Wa alaykum salaam Maalim. Nakuheshimu, ila hoja hiyo ilifika mahakamani. Mwanasheria Mkuu aliisema hasa hiyo: kwamba tofauti ya umri ni maridhiano ya kuheshimu mila na dini, na kwamba inamlinda binti aliyepata mimba kabla ya 18 asizae nje ya ndoa. Mahakama ya Rufani iliisikiliza na kuikataa. Ilitazama pia Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake wa Afrika, ambayo Tanzania imeridhia, na Ibara yake ya 6 inataka miaka 18 kuwa umri wa chini wa mwanamke kuolewa. Nchi haiwezi kutia saini Maputo halafu ikarudi nyumbani na 15.

Kukusanya maoni ni kabla ya hukumu. Baada ya hukumu ya mwisho ni kutekeleza.

#13 Maalim Kisiwani
Wakili, hukumu ya mwisho ni ya mahakama. Ndoa inafungwa nyumbani kwa watu. Mkitekeleza bila watu kuridhia, mtapata alichosema dada wa Shinyanga: ndoa zisizo na karatasi. Hilo ndilo ninaloliogopa.

#14 Dada Msaidizi
Maalim hapo umenena kweli, ingawa mimi nataka 18 na sitaki mjadala juu ya 18.

#15 Tumbo la Jiji
Sasa mimi nimepotea. Nilidhani kumuoa mwanafunzi ni miaka 30 jela. Tena naona kila siku watu wanafungwa. Hiyo sheria ya 15 inafanya kazi wapi?

#16 Mwalimu wa Zamu
Naomba nijibu hili maana linatugusa walimu.

Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016. Ni kosa kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, na kumpa mimba ni kosa, adhabu miaka 30. Lakini soma neno lenyewe: mwanafunzi. Binti aliyemaliza la saba akafeli, akakaa nyumbani ana miaka 14 au 15, si mwanafunzi tena. Sheria ya Elimu haimwoni. Wa rika lake aliyefaulu analindwa na miaka 30 ya jela, yeye analindwa na ridhaa ya baba.

Nimeona wazazi wakimwambia binti ajibu vibaya kwenye mtihani wa la saba ili afeli. Wanajua wanachofanya. Akifeli anakuwa "huru" kuolewa. Ninapofundisha darasa la saba na kumuona mtoto mwenye akili anaanza kuandika ovyo mwezi wa nane, moyo unaniuma, kwa sababu najua mazungumzo yaliyofanyika nyumbani.

#17 Wakili wa Kata
Mwalimu umetoboa jipu. Ongezeni na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130(2)(e). Kulala na msichana chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akiridhia, ISIPOKUWA kama ni mke wake mwenye miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Tendo lilelile, binti yuleyule, tarehe ileile. Bila ndoa ni miaka 30, kukiwa na ndoa hakuna kosa. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya 18.

Sasa jiulizeni: kama kifungu cha 13 kimekufa, huyo "mke wa miaka 15" wa Kanuni ya Adhabu ametoka wapi? Wakili wa utetezi atasema kifungu cha 130 hakikupingwa mahakamani, kipo hai. Mwendesha mashtaka atasema hakuna mke bila ndoa halali. Mimi ningependa sana kuiona hoja hiyo Mahakama ya Rufani.

#18 Tumbo la Jiji
Aisee. Asante.

#19 Jirani wa Namanga
Kutoka Kenya hapa. Sisi Sheria ya Ndoa ya 2014 ilimaliza, miaka 18 kwa kila mtu, dini zote. Sisemi ndoa za utotoni zimeisha, hasa kule kwa wafugaji, lakini chifu akizikuta hana swali la "sheria gani". Kwenu tatizo naona ni amri ya mahakama yenyewe ilikuwa laini. Zimbabwe Januari 2016 Mahakama ya Katiba ilisema kuanzia siku ile hakuna aliye chini ya 18 anayeweza kuoa wala kuolewa. Hakukuwa na mwaka wa kusubiri. Majaji wenu wangefanya vile, uzi huu usingekuwapo.

#20 Karani Mstaafu
Jirani, hilo nimelifikiria sana. Kukitamka kifungu cha 13 batili papo hapo bila kuweka kingine kungeleta shimo, maana umri wa wanaume nao upo kwenye kifungu hichohicho. Ungebaki na sheria ya ndoa isiyo na umri wa chini wa mtu yeyote. Majaji waliona Bunge lijaze. Ibara ya 30(5) iliwapa njia hiyo wakaitumia, kama ilivyotumika kwenye kesi nyingine za katiba.

#21 Nyota ya Ziwa
Mzee, shimo hilo si ndilo tulilo nalo sasa? Kama mnasema vifungu vimekufa Oktoba 2020 (au 2017 kwa hesabu yako), basi Tanzania Bara haina umri wa chini wa ndoa kwa maandishi. Binti wa miaka 12 je? Mbona mnafurahia kifo cha kifungu bila kuuliza kimeacha nini?

#22 Wakili wa Kata
Hakijaacha shimo, kwa sababu amri yenyewe ilitaja 18. Mahakama ilisema kirekebishwe na badala yake iwekwe 18. Msajili mwenye busara anasoma 18 pale palipoandikwa 15.

#23 Nyota ya Ziwa
"Mwenye busara". Hapo ndipo kesi za watu zinapofia, wakili. Mshtakiwa hafungwi kwa busara ya msajili.

#24 Fundi Redio
Nimerudi na kifungu kama mlivyotaka. Ibara ya 64 ya Katiba, madaraka ya kutunga sheria ya Tanzania Bara yapo mikononi mwa Bunge. Mahakama inaweza kusema hiki kibovu. Haiwezi kuandika 18. Amri ilikwenda kwa Serikali, na Serikali kazi yake ni kupeleka muswada tu. Wabunge wakisema hapana, mtawafunga?

#25 Mkoba wa Hukumu
Ahaa, Fundi leo umekuja na silaha. Kifungu nimekikubali, hitimisho nalikataa. Ibara ya 64 hiyohiyo haimpi Bunge ruhusa ya kuvunja Ibara ya 13, ya usawa mbele ya sheria. Ndiyo maana kuna 30(5).

Lakini twende kwenye sababu sasa maana wengi mnaigusa. Mimi sikubali kwamba Serikali haiwezi kukimbia ikitaka. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachonyima dhamana kwa baadhi ya makosa, kinapingana na Katiba. Hiyo ni kesi ya Dickson Sanga. Serikali ikakata rufaa, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshatengua. Miezi mitatu haikufika. Pale palipohusu kumweka mtu rumande, mbio. Panapomhusu binti wa Tabora, maoni ya wadau.

#26 Shemeji wa Urambo
Tabora tumetajwa mara ya pili, nahisi harufu ya ubaguzi 😂 Lakini sababu ni kura jamani. Wiki hii watu wanajiandaa na uchaguzi wa serikali za mitaa, mwakani uchaguzi mkuu. Nani atasimama jukwaani jimboni aseme nimepitisha sheria ya kuwafunga baba zenu? Mbunge wetu angeanza kuonekana mgeni kwao.

#27 Mwalimu wa Zamu
Shemeji, usiwasingizie wapiga kura wote. Wanawake nao wanapiga kura. Akina mama wanaokuja ofisini kwangu kulia mtoto asiolewe ni wengi kuliko unavyofikiri.

#28 Kijiwe Nongwa
Suluhisho ni rahisi, Rebeca aende Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, aishitaki Serikali kwa kupuuza. Mbona hamlitaji?

#29 Wakili wa Kata
Kijiwe, mlango huo ulifungwa. Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu mtu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja pale, Novemba 2019, mwezi mmoja tu baada ya hukumu hii. Kujitoa kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mahakama ipo Arusha, Mtanzania anapita nje ya geti.

Kilichobaki ni Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto. Hiyo 2022 iliiona Tanzania na makosa katika shauri la kufukuza shule wasichana wenye mimba. Lakini Kamati haina askari.

#30 Karani Mstaafu
Na mlango wa hapa nyumbani pia umebana. Juni 2020 Sura ya 3 ilirekebishwa, sasa anayefungua kesi ya haki za msingi lazima aonyeshe yeye mwenyewe ameathirika vipi. Rebeca alikuja kama raia anayetetea Katiba chini ya Ibara ya 26(2). Angekuja leo angeulizwa kwanza: wewe umeozeshwa? Kwa hiyo nani atarudi mahakamani kudai utekelezaji? Binti wa miaka 15 aliye kwa mume, asiye na nauli ya kufika mjini? Nilipoisoma ile ya 2020 nilisikitika kuliko nilivyosikitika kwa kucheleweshwa kwa muswada.

#31 Tumbo la Jiji
Na hukumu yenyewe ipo kwa Kiingereza. Nimeipakua juzi kwenye mtandao wa TanzLII, nimetoka jasho. Baba wa kijijini ataisomaje?

#32 Dada Msaidizi
Hatuisomi, tunaisimulia. Na kwenye mikutano ya kijiji swali la kwanza ni lilelile la Fundi: "Sheria imebadilika?" Nikisema Mahakama imesema, wanajibu mahakama ilisema tangu lini na mbona mtendaji hajaletewa waraka. Mtendaji anaamini waraka. Kama Serikali ingetoa hata waraka mmoja kwa wasajili na watendaji, kwamba msifungishe chini ya 18 kwa mujibu wa hukumu, nusu ya kazi yangu ingepungua. Hilo halihitaji Bunge wala kura.

#33 Maalim Kisiwani
Waraka ukija, waje pia viongozi wa dini wausome wao wenyewe misikitini na makanisani. Mimi nitausoma.

#34 Mkoba wa Hukumu
Maalim nimeichukua hiyo.

#35 Mgeni Mpya 77
Habari zenu. Nimesoma wote. Mdogo wangu aliolewa 2022 akiwa na 16, ana cheti cha ndoa. Mume amemfukuza mwaka huu na amebaki na mtoto. Kama ndoa ni batili mnavyosema, atadai nini? Shemeji anasema "si mmesema hukuwa mke wangu".

#36 Wakili wa Kata
Dada/kaka, pole sana. Hili ndilo linalonifanya nisipige kelele za "batili" bila kutazama nyuma.

Kwanza mtoto. Haki ya matunzo ya mtoto haitegemei ndoa ya wazazi, ipo chini ya Sheria ya Mtoto. Anzeni na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, wanaweza kumwita huyo bwana haraka.

Pili mdogo wako mwenyewe. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema watu wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hata wakatambulika kama mume na mke, inadhaniwa wameoana, na hata dhana hiyo ikikanushwa mwanamke anaweza kuomba matunzo mahakamani. Huyo bwana hawezi kumwita mke mbele ya majirani miaka miwili halafu amwite mgeni mbele ya hakimu.

#37 Karani Mstaafu
Kabla ya yote, cheti kile cha ndoa msikitupe na msimpe huyo bwana. Kimeandikwa umri gani?

#38 Mgeni Mpya 77
Kimeandikwa 18.

#39 Dada Msaidizi
Tafuta kadi yake ya kliniki au cheti cha kumaliza la saba, chochote chenye mwaka wa kuzaliwa, piga nakala mbili. Usiende na nakala halisi polisi bila kubaki na moja. Nitumie ujumbe wa faragha uniambie upo wilaya gani, nikuelekeze msaidizi wa kisheria wa huko.